Mkamata-nzi mkia-mrefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa sababu huulizwa tena na tena, na karibu yote huanza na mkia. Ni haki yake, maana mkia wa ndege huyu unapendeza kuliko kitu kingi kinachoruka. Lakini anayeutegemea mkia peke yake atampita ndege huyu mara nyingi kuliko atakavyomwona. Wengi wao, kwa sehemu kubwa ya mwaka, hawana mkia mrefu kabisa.

## Kumfahamu

Ni ndege gani hasa?

Ni yule ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na kishungi, mgongo na mabawa ya rangi ya tofali, tumbo la kijivu, na pete ya buluu kuzunguka jicho. Dume aliyekomaa huota manyoya mawili marefu katikati ya mkia, yanayomfuata nyuma kama utepe. Kwa wanasayansi ni *Terpsiphone viridis*.

Anaishi sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kuanzia Senegal hadi Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini, na pia kusini-magharibi mwa Rasi ya Uarabuni. Afrika Mashariki yuko bara na visiwani: Unguja, Pemba na Mafia. Majangwa na nyanda zisizo na miti hana haja nazo.

Ana ukubwa gani?

Ukimpima bila ule mkia mrefu, ni sentimita 17 au 18 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Manyoya marefu ya dume yanaweza kuuongeza urefu huo mara mbili. Uzito wake ni kama gramu 14 tu, takriban nusu ya shomoro wa mjini. Ukimwona akipita hewani na utepe wake unadhani ni ndege mkubwa. Akitua ukamwangalia mwili, unashangaa udogo wake.

Kwa nini hapa anaitwa "mkamata-nzi mkia-mrefu"?

Kwa sababu watu wengi husema tu "yule ndege mwenye mkia mrefu", na maneno hayo hayo hutumiwa kwa fumbwe, kuzumburu na wengine. Nimeona wawili wakibishana nusu saa nzima juu ya ndege aliyeonekana, kumbe kila mmoja anamzungumzia wake. Kwa hiyo hapa ni mkamata-nzi mkia-mrefu, au mkamata-nzi kwa kifupi.

Jina la kisayansi nalo lina kisa chake. *Terpsiphone* limetokana na maneno ya Kigiriki ya furaha na sauti. *Viridis* ni Kilatini, maana yake kijani, ingawa ndege huyu hana kijani zaidi ya mng'ao hafifu unaoonekana kichwani jua likimpiga vizuri. Aliyempa jina hilo ni Mjerumani Philipp Statius Müller, mwaka 1776.

Ni jamaa wa ndege wengine wanaoitwa wakamata-nzi?

Si wa karibu. "Mkamata-nzi" ni jina la kazi, kama mvuvi au mwindaji. Kuna koo tatu kubwa za ndege duniani ambazo hukaa tawini, huruka ghafla kudaka mdudu hewani na kurudi. Ukoo wa Muscicapidae uko Afrika, Ulaya na Asia. Ukoo wa Tyrannidae uko mabara ya Amerika tu, na una aina zaidi ya 400. Huyu wetu yuko katika ukoo wa tatu, Monarchidae, wenye aina zipatazo 100, wengi wao wakiwa Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki.

La kushangaza ni kwamba kwa nasaba mkamata-nzi wetu yuko karibu zaidi na kunguru kuliko na wale wakamata-nzi wa kahawia wanaokaa naye bustani moja. Kazi moja imewafinyanga wafanane midomo na tabia, ila damu ni mbalimbali.

## Kumtambua

Nianze kuangalia nini?

Anza na mahali rangi zinapokutana. Kichwa cheusi kinaishia shingoni na kifuani, na rangi ya tofali inaanza mgongoni. Hakuna mistari wala madoa mwilini. Wengi wana ufito mweupe bawani, wengine hawana, kwa hiyo usiutegemee.

Kisha tafuta jicho. Pete yake ni ngozi tupu ya buluu iliyokolea, na mdomo nao una rangi hiyo hiyo. Kwa dume wakati wa kuzaa pete hii hunenepa na kung'aa hata ukaiona bila darubini. Kwangu hiki ndicho kitambulisho cha kwanza, mbele ya mkia, kwa sababu dume na jike wote wanacho.

La mwisho ni mwendo. Hatulii. Hukaa wima kwenye kitawi chini ya kivuli, hugeuza kichwa huku na huku, hujirusha, hudaka, hutua tawi jingine. Ukiona ndege mwekundu-kahawia amekaa waziwazi juu ya waya kwa dakika kumi bila kujisogeza, huyo huenda si yeye.

Nimemwona wa rangi hizo hizo lakini mkia ni mfupi. Ni jike?

Huenda. Lakini anaweza pia kuwa dume kijana, au dume mzima aliyekwisha kuangusha manyoya yake (tazama swali linalofuata). Jike kwa kawaida ana kishungi kifupi, weusi wa kichwa chake umefifia kuelekea kijivu, na pete ya jicho ni nyembamba. Kinda aliyetoka kiotani amepauka mwili mzima na pete yake bado haijaonekana vizuri.

Ukiwa na dume kijana mbele yako, tofauti hizi ni ndogo mno. Ukishindwa kumpambanua, andika "mkia mfupi" katika daftari lako na uendelee. Kukisia kunaharibu kumbukumbu kuliko kuacha pengo.

Dume huwa na mkia mrefu mwaka mzima?

Hapana. Manyoya yale ni vazi la msimu wa kuzaa. Msimu ukiisha na ndege akianza kubadilisha manyoya, hupukutika, na dume hubaki na mkia wa kawaida kama jike. Ndiyo sababu mtu humwona bustanini kwake mwezi mmoja, kisha akasema "ameondoka", kumbe ndege yuleyule yupo juu ya kichwa chake.

Mara nyingine utamwona mwenye unyoya mmoja mrefu na mwingine mfupi. Si kilema. Mmoja umetangulia kuanguka, au umetangulia kuota.

Nimeona mweupe mwenye kichwa cheusi. Ni aina nyingine?

Ni yuleyule. Baadhi ya madume yana mgongo, mabawa na mkia mweupe badala ya rangi ya tofali. Kichwa hubaki cheusi na pete hubaki ya buluu. Weupe hawa huonekana zaidi katika sehemu kavu za mashariki na kaskazini mwa Kenya. Kwingine unaweza kukaa miaka usimwone hata mmoja. Wapo pia wa katikati: mgongo wa tofali na utepe mweupe, au mabawa yenye mabaka ya rangi zote mbili.

Weupe huu hausababishwi na uzee wala ugonjwa. Ni tofauti ya kuzaliwa, na mweupe hupandana na jike wa tofali bila shida yoyote.

Nitamtofautishaje na fumbwe?

Fumbwe dume naye ni mdogo na mkia wake ni mrefu kupita kiasi, ndiyo maana wanachanganywa. Lakini fumbwe ni ndege wa nyasi na mahali pa wazi. Hula mbegu, na mdomo wake ni mnene na mfupi kama wa shomoro. Mkamata-nzi ni wa kivulini, mdomo wake ni bapa na mpana kwenye shina, na hashuki chini kudonoa mbegu. Ukimwona ardhini anachakura, acha kumfikiria.

Na kuzumburu?

Kuzumburu ni wa kijivu-kahawia mwili mzima, hutembea kwa makundi, na hupenya vichakani kama panya akitafuta matunda na majani. Mkia wake ni mrefu lakini mgumu, haupepei. Mkamata-nzi huonekana peke yake au wawili, isipokuwa anapojiunga na msafara wa ndege wa aina mbalimbali wanaopita msituni pamoja wakiwinda wadudu.

Kuna mwenye tumbo jekundu pia. Je?

Huyo ni ndugu yake wa kweli, *Terpsiphone rufiventer*. Ni wa misitu minene ya Afrika Magharibi na ya Kati, na kwa upande wetu hufika Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kama msitu wa Minziro. Tofauti iko tumboni: wetu ni kijivu, huyu ni rangi ya tofali mpaka chini. Mkia wake pia haufikii urefu wa wetu.

Pale wanapokutana, kwenye kingo za msitu, aina hizi mbili huzaliana. Watoto wao wana tumbo lenye rangi zilizochanganyika. Ukimwona wa namna hiyo eneo hilo, usilazimishe jina moja.

## Sauti

Analiaje?

Ana sauti mbili za kuzijua. Ya kwanza ni mkwaruzo mfupi wa silabi mbili au tatu, kama "zwii-zwaa", mkavu na wenye hasira kidogo. Huu ndio utakaousikia zaidi, mwaka mzima, na dume na jike wote huutoa. Ya pili ni wimbo: mfululizo wa mbinja safi na za haraka zinazopanda na kushuka, wenye nguvu kuliko unavyotarajia kutoka kwa kiumbe cha gramu 14.

Ushauri wangu ni kujifunza ule mkwaruzo kwanza. Ukishauzoea utagundua kwamba ndege huyu alikuwa akikuzunguka muda wote, juu ya miembe, kando ya mto, nyuma ya nyumba. Mimi nilimtafuta kwa macho muda mrefu nikimwona mara mojamoja. Nilipoijua sauti, nikaanza kumpata karibu kila nilipokaa chini ya mti wenye kivuli.

## Chakula na tabia

Anakula nzi tu?

Nzi ni sehemu tu. Hula nondo, vipepeo, mbawakawa wadogo, buibui, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua. Mara mojamoja humeza kitunda kidogo. Wengi huwadaka hewani, na wengine huwachukua juu ya jani akiwa anarukaruka mbele yake.

Pembeni mwa mdomo ana vinyweleo vigumu kama sharubu. Zamani ilidhaniwa ni wavu wa kuswagia wadudu kinywani. Majaribio yaliyofanywa kwa wakamata-nzi wengine yameonyesha kwamba ndege hudaka wadudu vizuri hata vinyweleo hivyo vikiondolewa, na kwamba huenda kazi yake ni kuyakinga macho.

Ule mkia haumsumbui akiwinda?

Ungedhani hivyo, lakini mtazame. Anapojirusha kati ya matawi, utepe unafuata mkondo ule ule aliopita, wala haunasi. Akigeuka hewani, mkia unachora duara nyuma yake, na kabla haujamaliza kujikunja yeye ameshatua na nondo mdomoni. Hata hivyo ni mzigo, na kuubeba msimu mzima ni namna ya dume kuonyesha kwamba ana afya.

Nimemwona akijitupa majini. Alianguka?

Alikuwa anaoga. Hakai ukingoni akijimwagia kama shomoro. Huruka kutoka tawi la juu ya maji, hujichovya sekunde moja, hurudi tawini, hujikung'uta, kisha hurudia mara kadhaa. Kijito kilichotulia chini ya kivuli alasiri ni mahali pazuri pa kumngojea.

## Kiota na makinda

Kiota chake kikoje?

Ni kikombe kidogo chembamba, kimefungwa kwenye panda ya kitawi, mara nyingi juu ya maji au juu ya njia. Kimefumwa kwa nyuzi za magome na nyasi laini, kikakazwa kwa utando wa buibui, kisha kikabandikwa nje vipande vya ukoga wa kijivu ule unaoota kwenye magome. Ukikitazama kwa mbali unaona fundo la mti tu.

Hutaga mayai 2 au 3, ya rangi ya maziwa yenye vidoadoa vya kahawia-nyekundu. Dume na jike huatamia kwa zamu kwa wiki mbili hivi. Zamu ya dume haifichiki: mwili umezama kikombeni, na utepe wa mkia unaning'inia nje ya kiota, ukicheza na upepo. Nimewahi kukaa chini ya mwembe nikitazama kubadilishana kwao. Jike alitua kitawi cha jirani na kukwaruza sauti mara moja. Dume akainuka, akauvuta mkia wote kutoka ukingoni mwa kiota, akaondoka, na jike akawa amekaa kabla kitawi hakijaacha kutikisika. Mayai hayakukaa wazi hata kwa muda wa pumzi mbili.

Anazaa lini?

Hufuata mvua, kwa hiyo miezi hutofautiana mahali na mahali. Kusini mwa Afrika ni mgeni wa kiangazi cha huko: hufika Septemba au Oktoba, huzaa, na wengi huondoka Machi au Aprili kuelekea kaskazini. Afrika Mashariki utamwona mwaka mzima, ingawa idadi hupanda na kushuka kwa sababu baadhi huhama.

Ananirukia kichwani nikipita chini ya mti. Kwa nini?

Kwa sababu kiota kiko juu yako. Ndege huyu ana ujasiri usiolingana na umbo lake. Humfukuza kunguru, humwandama mwewe, na mtu pia humkaripia. Badili njia kwa wiki chache. Usikate matawi ya karibu ili "upate kumwona vizuri", maana kivuli kile ndicho kinachokificha kiota kwa kunguru.

Nimeokota kinda chini. Nifanye nini?

Tazama kama ana manyoya. Mwenye manyoya na mkia kama kipande cha kidole ameshatoka kiotani mwenyewe. Mpandishe kwenye tawi la karibu, ondoka hatua nyingi, wazuie paka na mbwa. Wazazi watamlisha. Aliye uchi ameanguka: ukikiona kiota na ukikifikia, mrudishe. Wazazi hawatamkataa kwa sababu umemgusa.

Naweza kumfuga?

Hapana. Anahitaji wadudu hai wengi kila siku na nafasi ya kuruka, na kizimbani hufa upesi. Tena kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa sheria katika nchi nyingi.

## Mengine yasiyo ya kawaida

Nifanye nini ili aje bustanini kwangu?

Acha miti yenye kivuli na matawi ya chini, weka maji, na acha kupulizia dawa za wadudu. Nafaka na makombo hayamvuti. Buibui pia waache, kwa sababu utando wao unajenga kiota (tazama swali la kiota).

Je, yuko hatarini kutoweka?

Huyu wetu hayuko hatarini. Ni wa kawaida na ameenea sana. Walio mashakani ni baadhi ya ndugu zake wa visiwani. Wa Ushelisheli, *Terpsiphone corvina*, ambaye dume lake ni jeusi tii mpaka ncha ya mkia, alikuwa amebaki karibu wote katika kisiwa kimoja cha La Digue. Mwaka 2008 baadhi yao walihamishiwa kisiwa cha Denis ili kuanzisha jamii ya pili, nao wakazaliana huko.

Nilimwona Madagaska au Komoro. Ni huyuhuyu?

Hapana, huyo ni *Terpsiphone mutata*. Naye ana madume ya tofali na madume meupe, na sauti yake ya mkwaruzo itakukumbusha wa nyumbani. Hapo mahali ulipo ndipo panakupa jina: huyu wetu hafiki visiwa hivyo.

Nimepata picha yenye ukungu, mkia hauonekani na tumbo limefichwa na jani. Inatosha?

Kama jicho limeonekana na pete yake ni ya buluu, kichwa ni cheusi na bawa ni la tofali, umempata mmoja wa jamii hii. Nje ya misitu ya magharibi iliyotajwa kwenye swali la mwenye tumbo jekundu, hana wa kumfanania. Ndani ya misitu hiyo, subiri mpaka jani lisogee.